Kikombe Kisichoonjwa

Daktari wa zahanati alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akakijaza upepo, akasoma, akakunja uso.

"Mwalimu, hii presha unaipeleka wapi?"

Nikamwambia siipeleki popote, yenyewe ndiyo inanipeleka mimi. Hakucheka. Akasema kuanzia Jumatatu nitembee kila siku saa nzima, nifanye hivyo wiki nzima, halafu nirudi apime tena. Na pombe nisahau. Nilitoka nimenuna. Mtu nimesimama mbele ya ubao miaka yote ile mpaka miguu ikavimba, nimestaafu nipumzike, leo kijana ambaye ningeweza kumzaa ananituma nikazurure! Huku kwetu Kirushya mtu mzima hatembei tu. Ukimwona njiani ana jembe begani, au anakwenda gulioni, au kuna msiba. Basi Jumatatu asubuhi nikachukua kikapu kitupu, nikakining'iniza mkononi ili watu wasiniulize maswali.

Sikuwa nimejua kwamba asubuhi ya kijiji changu ni nzuri hivyo. Nasema kweli. Nilikuwa naipita mbio kwenda shule, macho chini, kichwa kimejaa madaftari. Sasa nilikuwa natembea polepole, umande unadondoka kutoka kwenye majani ya migomba na kuniingia shingoni, baridi tamu. Ilikuwa majira ya kupiga maharage, na kila uani watu walikuwa wameyaanika kwenye maturubai, wanayapiga kwa fimbo, pu, pu, pu, na maganda yanaruka. Kwetu humpiti mtu aliye kazini bila kumpa pole. Hata kama humjui, hata kama una haraka. Nikawa nasema "poleni na kazi" kila baada ya hatua ishirini, nao wanaitika "tumeshapoa, mwalimu, karibu", na mama mmoja akanimiminia maharage mapya kwenye kikapu bila kuniuliza kama nayataka. Nilirudi nimechoka na nimefurahi. Nikafungua mdomo nimsimulie mtu, nikakumbuka sina wa kumsimulia.

Hapa lazima niseme, maana nisiposema mtaniona mtu mwema kuliko nilivyo. Katika njia nzima ile ilikuwepo nyumba moja niliyoipita bila kutoa pole. Ni nyumba inayotazamana na yangu. Mwenye nyumba alikuwa shambani kwake kando ya njia, ameinama, anapalilia, nami nikajifanya naangalia simu. Simu yenyewe ilikuwa haina chaji.

Yule mama kwao ni Bukiriro. Aliolewa huku mwaka ule ule nilioolewa mimi, na tulikuwa marafiki tangu tukiwa mabibi harusi tusiojua pa kuchota maji. Wanangu walinyonya kwake nilipokuwa kazini, na wake walilala kwangu. Anatengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kuliko mtu yeyote ninayemjua. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alikunywa rubisi kwake jioni moja, na wiki hiyo hiyo akaanza kuugua. Haikuchukua miezi miwili nikamzika. Watu wakaanza kunong'ona. Nanyi mnajua mnong'ono wa kijijini, haumtaji mtu jina, lakini wote wanageuza macho upande mmoja.

Sasa huku kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Anachota, anakunywa funda moja mbele yako, ndipo anakupa, ili uone kwamba hakuna kitu ndani. Ni desturi tu, wala hakuna anayeifikiria. Siku ya kuondoa matanga, yule rafiki yangu alikuja na chungu kizima, akachota, akaonja mbele ya watu wote, akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Sina kiu."

Maneno mawili tu. Kwetu yana maana moja, na kila aliyekuwa pale aliielewa. Aliweka kikombe chini taratibu, akaenda zake. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Jumanne nilipanda hadi barabarani, kwenye duka la mzee ambaye babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani. Nilifika mke wake anaepua vitumbua vya kwanza. "Shikamoo mwalimu, kaa kwanza," akaniambia, akaniwekea viwili na chai ya tangawizi inayochoma koo. Daktari alikataza pombe. Vitumbua hakuvitaja. Nikala huku nimeegemea ukuta uliokwisha kupata jua, mgongo unapata joto, sina haraka na mtu, na nikajiuliza mimi huyu nilikuwa wapi siku zote.

Jumatano nikaona kama ni kutembea basi nitembee kweli, nikapanda gari kwenda Biharamulo kumwona binti yangu, nikalala huko. Ameolewa na watu waliohamia kutoka Shinyanga, wafugaji, na mama mkwe wake ni mtu wa kucheka hata pasipo sababu. Jioni alinichukua tukatazame ng'ombe wakirudi. Kule ardhi ni tambarare, unamwona ng'ombe angali mbali na vumbi lake. Akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kaichemsha na karanga, tukala tumesimama, kila mmoja na bakuli lake, na akawa ananitajia ng'ombe mmoja mmoja na tabia yake: huyu mwizi wa mahindi, huyu mchokozi, yule kazi yake kudeka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikawa najisemea, hii nitamwiga vizuri nikifika nyumbani. Nimwigie nani? Alhamisi njia nzima ya kurudi nilikuwa na kinyongo, na kinyongo chenyewe cha kujikasirikia mimi.

Ijumaa nilikwenda hadi ukingo wa kilima ambako milima ya Burundi inaonekana, buluu juu ya buluu. Kijana wa bodaboda akafunga breki karibu anigonge. "Shikamoo mwalimu! Wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya!" Nikamwambia marahaba, na kwamba sikumfundisha kugawanya njia na wazee. Akacheka, akanipa parachichi mbili kutoka kwenye mzigo wa mteja. Sijui alimweleza nini huyo mteja. Nilikaa pale juu kwa muda mrefu, upepo unapiga, moyo mweupe, na nikamkumbuka jirani yangu mpaka kifua kikauma. Si presha. Presha naijua, na hii pia naijua.

Jumamosi nilitembea nikapitiliza ile saa yangu, jua likanikuta njiani, mate yamekauka. Nilipokaribia nyumbani harufu ikanipata. Kama hujawahi kuisikia harufu ya ndizi zilizofukiwa shimoni na moshi, zikaiva, zikafukuliwa, siwezi kukueleza. Alikuwa uani kwake, peke yake, ameinama kwenye lile gogo lililochongwa la kukamulia, anakanda ndizi na nyasi, juisi inatoka povu tupu. Nia yangu ilikuwa kupita. Miguu ilikuwa inapita. Mdomo ndio ulionisaliti.

"Pole na kazi."

Mikono yake ikasimama. 

"Nimeshapoa," akasema. Hakuinua uso.

Sasa ningeondoka vipi? "Ni juisi, au imeshakuwa pombe?" Swali la kijinga hilo, ningempa mwanafunzi sifuri.

"Ndiyo kwanza nakamua. Itakuwaje pombe?"

"Naomba kidogo. Daktari amenikataza pombe, juisi hakuikataza. Nina kiu."

Lilinitoka hilo neno kabla sijalipima. Alinitazama sasa. Akanawa mikono bila haraka, akachukua kikombe cha plastiki, akachota, akakiinua mdomoni aonje. Nami kwa ile kiu, Mungu wangu, mkono ukaenda wenyewe. Nikakichukua kabla hakijafika mdomoni mwake, nikakigugumia chote, kitamu, cha uvuguvugu, chenye moshi kwa mbali, mpaka nikapata kwikwi. Nilipokishusha niliuona mkono wake bado uko hewani, karibu na midomo, umeshika hewa.

"Sijaonja," akasema.

"Nimeona."

"Mwalimu, sijaonja!"  Akakaa pale pale kwenye ukingo wa gogo, nyasi mapajani. "Tangu siku ile naonja mara mbili. Watu wananitazama koo kama limemeza. Hata mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu mwenyewe, nikimpa uji naonja kwanza mbele yake. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mkono umezoea tu."

Ningeweza kuishia kwenye pole. Lakini kuna jambo nililokuwa nimelificha kwenye kabati, kwenye bahasha, na sikuweza tena kusimama mbele yake nalo.

"Lilikuwa ini," nikamwambia. "Hospitali waliniambia. Waliniandikia na karatasi. Nilijua kabla ya siku ile ya matanga kwamba wewe hukuhusika. Nilikuwa nimefiwa, nikataka awepo mtu wa kulaumiwa, na watu walikuwa wamekwisha kukuchagua. Nikanyamaza. Nimekukosea sana."

Sikutegemea anikumbatie, na hakunikumbatia. Alisimama akanitupia zile nyasi zenye maji ya ndizi kifuani.

"Ulijua? Miaka mitatu, ulijua?"

"Nilijua."

"Toka uani kwangu."

Nikatoka. Nilikuwa nimeshafika njiani aliponiita, sauti kavu. "Kesho nyumba ya pili kuna ubatizo wa mtoto. Mimi napeleka rubisi na juisi. Ulinikataa mbele za watu. Kama una la kusema, kaliseme mbele za watu."

Jumapili baada ya ibada watu walijaa chini ya turubai kwa yule jirani wa pili. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, ile bahasha nimeikumbatia, najificha nyuma ya migongo ya watu, mimi niliyewanyamazisha wanafunzi tisini kwa kukohoa tu. Alipoingia na chungu chake, na ndoo ya juisi kando, akaanza kuchota, nikasimama kabla sijabadili mawazo. Nikasema. Sauti haikuwa ya mwalimu, ilikuwa ya mtoto aliyeshikwa na kosa. Nikasema mume wangu alikufa kwa ini, karatasi ninayo hii hapa, na nilijua, na nilimwachia mama huyu abebe mzigo usio wake, na kila mlichonong'ona ningeweza kukimaliza kwa sentensi moja. Watu wakatazama viatu vyao. Wengi wao walinong'ona, na walijua kwamba najua.

Nikamwendea. Akachota juisi, na mkono wake, masikini, ukaanza safari yake ya kwenda mdomoni. Nikamshika kifundo.

"Usionje."

Nikanywa chote, nikageuza kikombe juu chini ili wote waone.

Halafu mzee wa kanisa, mtu mkali ambaye sikuwahi kumpenda, akanyoosha kikombe chake. "Na mimi usinionjee. Nipe rubisi ya kutosha, si hiyo juisi ya wagonjwa wa presha." Watu wakaangua kicheko, na vikombe vikaanza kunyooshwa kutoka kila benchi. Kwa wale wa mwanzo mkono wake ulikuwa bado unapanda nusu, unakumbuka, unashuka. Baadaye ukaacha kupanda.

Alipopata nafasi akaja kukaa kando yangu, akaacha pengo la mtu mmoja katikati yetu.

"Sijakusamehe yote," akasema.

"Najua."

"Itachukua muda."

"Nipo. Nimestaafu."

Akaguna, na ule mguno wake naujua tangu tukiwa mabibi harusi, una kicheko ndani yake. Hapo ndipo akaja mjukuu wake, binti mdogo wa miaka minne hivi, gauni jeupe limekwisha kuchafuka, akasema, "Bibi, na mimi." Bibi yake akachota juisi kwenye ndoo, akampa moja kwa moja. Mtoto akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akasimama nacho pale pale, hanywi, anamtazama bibi yake usoni, anasubiri.

"Kunywa," akamwambia. "Kunywa tu, mama. Ni yako."