Zamu ya Jepchumba kwenye Darubini

Kabla Kipketer hajafika ukingoni mwa kreta ya Menengai, Muturi alijiona mwenye mbingu za Nakuru. Huyu ni fundi bomba wa mtaa wa Kaptembwo, aliyejiundia darubini kwa bomba la plastiki la majitaka na kioo alichokisugua mwenyewe mpaka vidole vikachubuka. Kila Jumamosi giza likiingia, watu walimpangia foleni waone pete za sayari ya Zohali. Mkewe, Jepchumba, alishika tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, ili mwanga usiwaharibie wageni macho yaliyokwisha kuzoea giza. Akisogea karibu na darubini, alikemewa: "Wewe, utaisukuma! Wageni wanangoja."

Ndipo akaja Kipketer wa mtaa wa kitajiri wa Milimani na darubini yake, dude jeupe linalojitafutia nyota lenyewe. Foleni ikahama yote. Wivu ukamshika Muturi. Kilichomuuma zaidi ni ile nebula ya Orioni, wingu la gesi lililo chini ya nyota tatu zilizojipanga. Kwake watu walichungulia, wakasema, "Aah, ni kamoshi tu," naye akapaza sauti, "Haya, next!" Kwa Kipketer, watu wale wale walipiga vigelegele. Lazima amebandika picha ndani, Muturi alijiambia, mjanja mkubwa yule.

Jumamosi moja ya Januari alinyoosha mkono apewe tochi, akapapasa hewa. Alipogeuka, aliiona nuru nyekundu kule ng'ambo. Jepchumba, mke wake wa ndoa, alikuwa kwenye foleni ya Kipketer, tena anacheka! Damu ikamchemka. Akavuka akiwapiga watu vikumbo.

"Boss, wacha kudanganya watu! Hiyo ni picha umebandika!"

"Kuja uangalie mwenyewe, mzee," Kipketer akasema, akampisha. "Chukua time yako."

Muturi akabandika jicho. Hakukuwa na picha. Lilikuwa wingu lile lile la kijivu, na vinyota vinne katikati yake, kama alivyoliona kwake miaka yote. Hata lile la darubini yake mwenyewe lilikuwa safi zaidi kidogo! Furaha ikampanda, akasahau kuomba radhi.

"Si mmeona? Ni ile ile! Jepchumba, hebu waambie hawa watu. Si ni ile ile tu ya kwangu?"

Jepchumba aliwatazama waliokuwa nyuma yake, kisha akamtazama mumewe.

"Nitajuaje, Baba Ngigi? Ya kwako sijawahi kuangalia."

Muturi akatafuta kichwani hata Jumamosi moja aliyompisha aangalie, akaikosa.

"Sasa shika hii tochi," Jepchumba akasema, akimkabidhi. "Mulika chini, usinimulike macho. Ni zamu yangu."

Akainama, akachukua muda wake.