Waliofyeka Kiwanja cha Stesheni

Wasomaji wangu, leo sina utani. Mama aliyekuwa akiuza makande stesheni ya Same amefariki. Tumemzika wiki iliyopita kwao milimani, na nimerudi nyumbani na hasira ambayo hata chai haikuituliza. Kaburini walimsifu kwa upole. Upole! Mama yule hakuwa mpole hata kidogo, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilimfahamu enzi za Mwingereza, nikiwa karani mdogo wa Boma. Yeye na jirani zake, vibarua wa reli na wajane walioteremka kutoka milimani, walikaa nyuma ya stesheni katika vibanda vya madebe na magunia ya mkonge. Serikali ikaona vibanda vinautia mji aibu, ikaamuru wahamie nyikani, mbali na maji, mbali na soko. Mama akaja Bomani na wenzake, akasimama mbele ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, nami nikitafsiri. "Mwambie, mwanangu, makande yangu wanakula watu wa treni. Huko nyikani nitamuuzia nani, swala? Atupe kile kiwanja cha vichaka kando ya stesheni, tutajenga nyumba za maana." Bwana Shauri akajibu kwamba wakikifyeka na kung'oa visiki, watajenga hapo hapo. Mama akawageukia wenzake: "Mmesikia? Kesho msaragambo!"

Asiyejua Upare hataelewa uzito wa neno hilo. Kule milimani msaragambo ukiitwa, kila mtu hutoka na jembe lake, mfereji unachimbwa, na aliyechimba hanyimwi zamu yake ya maji. Hakuna anayedai karatasi. Jasho lako ndiyo karatasi. Basi wakafyeka kwa imani hiyo, wiki baada ya wiki, miiba ikiwachana mikono, mama akiwapikia makande kwa sufuria lake mwenyewe. Kiwanja kikawa cheupe. Ndipo akaja mpima ardhi na vigingi vyake, na wakaambiwa kwamba hapo zitajengwa nyumba za maofisa na maduka. Mama alikwenda Bomani mbio, jembe mkononi. "Mwambie alituahidi!" Bwana Shauri hakuinua hata kichwa. "Muulize iko wapi barua."

Barua! Mtu anakutumia kama punda, kisha anakudai barua! Wakabomolewa vibanda, wakapelekwa nyikani. Kwa miaka mingi mama alitembea alfajiri na sufuria kichwani kuiwahi treni, akipita mbele ya madirisha ya nyumba zilizosimama juu ya visiki alivyong'oa yeye. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Boma lilichukua nusu ya kwanza tu ya methali hiyo. Na msidhani ujanja huo uliondoka na Mwingereza. Hadi leo maskini anaitwa kufyeka, na mwenye suti anaitwa kujenga.

Lakini kuna jambo sijawahi kulisema. Ramani ya kiwanja kile niliiona kwenye meza ya Boma kabla ya siku ile ya mazungumzo. Maduka yalikuwa yameshachorwa. Nilitafsiri ahadi nikijua ni ya uongo, nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa kufukuzwa kazi.

Mwaka jana nilipanda kumwona kwao milimani, alikorudi uzeeni, nikamkuta amelala, miguu imekataa kazi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, karani." Akaniuliza bila kuzunguka: "Ulijua?" Nikasema ndiyo. Nilingoja anitukane, na ningestahili. Akavuta shuka lake. "Sisi tulikuwa na majembe," alisema. "Kalamu ulikuwa nayo wewe. Ungetuandikia mstari mmoja tu, akautia sahihi, au akakataa tukamjua."

Mstari huo nauandika leo, mama, na umechelewa. Enyi mnaoitwa kufyeka kiwanja, barua kwanza, jembe baadaye. Nanyi makarani wenzangu mlioiona ramani, semeni wakati vichaka bado vimesimama.