Nishani Iliyoondoka na Mgeni

Mume wangu alikuwa askari wa akiba kwa miaka mingi. Maana yake ni hii: anachuma chai kama mimi, halafu ng'ombe wa mtu wakiibwa anaitwa, anachukua bunduki ya serikali na kuwafuata. Wakipatikana, anarudi kwa chai. Mshahara hakuna. Alichotaka ni kitu kimoja tu, nishani ya utumishi wa muda mrefu.

Baba yake alikuwa nayo. Aliipata enzi za mkoloni, naye pia alikuwa askari wa kuitwa. Alituambia kwamba siku zao miaka ya vita ilihesabiwa mara mbili, na ukifanya utundu mmoja hesabu inaanza upya. Askari wa mshahara walikuwa na nishani yao, hawa wa kuitwa wakawa na yao, na hawa wa kuitwa walijiona wakubwa zaidi kwa sababu hakuna aliyewalazimisha. Mume wangu alikua akiitazama ile ya baba yake ukutani. Baba alipofariki akazikwa nayo, na mwanawe akabaki kungoja yake.

Ilikuja mwaka jana. Ofisa mkubwa alitoka mbali kuja kwetu Mogogosiek kuwavisha askari wa akiba, kwenye uwanja wa shule. Mimi ni mtu wa kanisa na kazi, kelele sipendi. Lakini asubuhi hiyo niliingia msituni kukata sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao kwetu mtu akishinda anavishwa shingoni. Wengine huzungusha mara moja. Mimi nilizungusha mara tano, dada zake wakaongeza, mpaka mzee wangu akawa kama ua la boma linalotembea. Ofisa alitafuta kifua, hakukiona. Akaibana nishani palepale kwenye majani, na wanawake tukaimba mpaka sauti zikaisha.

Sasa furaha ilimzidi mzee. Kwetu mgeni akikuheshimu, huwezi kumwacha aondoke shingo tupu. Akavua sinendet yote, akamvisha ofisa. Ofisa akashukuru, akapanda gari, akaenda.

Ni mimi niliyeuliza. "Mzee, nishani iko wapi?"

Akagusa kifua. Akanitazama, na uso wote ukamwanguka.

"Imeenda na mgeni."

Barabara inazunguka kilima, lakini shamba la chai linakata katikati. Nikavua viatu vya kanisa nikaingia kati ya mistari ya chai. Kitambaa changu cha kichwa kilibaki huko, sijui kichaka gani. Nyuma nilimsikia mzee akihema na buti zake, nyuma yake dada zake wakiita jina la Mungu, nami nikaanza kucheka. Mimi, ambaye wajukuu husema nilizaliwa nimekunja uso. Nilicheka nikishika tumbo, na miguu haikusimama.

Bahati yetu, lori la majani lilikuwa limeziba barabara pale kwenye kituo cha kupimia chai, linapakia magunia. Gari la ofisa lilikuwa nyuma yake, linangoja. Nikagonga dirisha.

"Mama, kuna shida?" Sinendet ilikuwa imemfika masikioni.

"Umevaa nishani ya mzee wangu."

"Hii nimepewa zawadi."

"Majani ni yako. Chuma ni chetu."

Akapapasa, pini ikamdunga kidole, akaanza kucheka yeye pia. Nilinyoosha mkono nipewe. Akakataa, akasema hiyo hupewa askari mwenyewe. Hapo mzee akatokea kwenye chai, majani ya chai yamemjaa kwenye kola, kofia mkononi. Hakuambiwa na mtu. Alivaa kofia, akasimama wima kati ya magunia.

Mizani ikasimama. Wanawake wakaacha foleni na vikapu vyao mgongoni. Ofisa akashuka, akaibana kwenye shati la mzee, kwenye kitambaa chenyewe, nami nikaivuta kidogo nione kama imeshika. Mwanamke mmoja akasema huyu amevishwa mara mbili siku moja, na kesho atataka ya tatu. Hata dereva wa lori alicheka.

Tulirudi kwa barabara, mzee mbele. Kila tuliyekutana naye alisimamishwa aione. Njia ya nusu saa ilitumalizia mchana mzima, na sikumwambia aharakishe.