Paka Mweupe na Saa za Tai

Mama yangu alikubali kuja kukaa kwangu Kahama kwa sharti moja, kwamba mtu yeyote nyumbani asimwite mgonjwa. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Kule Ushetu, alikoishi peke yake tangu baba alipofariki, alikuwa ameshaungua mkono akipapasa jikoni kutafuta mwiko. Daktari wa macho alisema upasuaji unawezekana, ila presha ishuke kwanza, akatupa tarehe ya miezi miwili mbele. Kazi yangu ikawa hiyo: kuhakikisha mama anakaa miezi miwili.

Wiki ya kwanza alifunga mfuko wake mara mbili. Alikuwa akiukalia mlangoni, amevaa kitenge cha safari, na mke wangu alitumia asubuhi nzima kumbembeleza.

"Nyumba yenu ina kona nyingi," alisema. "Kwangu najua kila kitu kilipo. Hapa naishi kwa kuuliza."

Mimi ni fundi wa mota. Nafunga upya waya za mota zilizoungua, nyingi zikitoka kwenye makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na nyingine kwenye mashine za kukoboa mpunga. Ufundi huu sikufundishwa darasani. Niliupata kwenye vitabu vya mitumba, na kwa kuharibu mota za watu walionivumilia. Kwa hiyo nina mazoea ya kuandika. Kila mota ina ukurasa wake katika daftari, na ikirudi mara ya pili siulizi mtu, nafungua ukurasa. Nayasema haya kwa sababu daftari linahusika na yaliyotokea.

Kwenye mashine moja ya mpunga, paka wa kufukuza panya alikuwa amezaa. Mwenye mashine alinipa mtoto mmoja, mweupe kote isipokuwa sikio moja la kijivu. Nilimweka mapajani pa mama. Alimpapasa kichwa, mgongo, mkia, kisha akamwinua karibu kabisa na uso wake.

"Huyu namwona," alisema.

Kwa kweli ndicho kitu pekee kilichotembea uani petu ambacho aliweza kukiona. Watoto wangu walikuwa kwake ni sauti na miguu, kuku walikuwa vumbi. Lakini doa lile jeupe kwenye udongo mwekundu alilifuata kwa macho kutoka kibanda cha kuku hadi kwenye ndoo za maji. Alimwita mgeni mwenzangu. "Mgeni mwenzangu amekula?" "Mgeni mwenzangu yuko wapi?" Mfuko wa safari ulirudi chini ya kitanda, na mke wangu akaniambia nisiuguse wala nisiutaje.

Nyumba yetu iko pembeni mwa mji, si mbali na machinjio, na palipo na machinjio pana mwewe. Wanazunguka juu ya paa siku nzima, mikia yao ikipinda huku na huku, wakisubiri utumbo. Wakikosa utumbo, wanashuka kwa vifaranga. Kinamama wa mtaa wetu wana dawa yao: wananunua sokoni rangi ya unga ya kutia kwenye ukindu wa mikeka, wanaikoroga kwenye beseni na kuwachovya vifaranga mmoja mmoja hadi wanakuwa zambarau. Wanasema mwewe anamjua kifaranga wa njano tu, akimwona wa zambarau anamwogopa. Mke wangu aliwachovya kumi na wawili wa kwetu. Jirani yetu, fundi cherehani, aliwaona akacheka hadi akashika ukuta.

"Shemeji, hawa wametoka kwenye kipaimara?"

"Cheka tu. Wako wa njano wamebaki wangapi?"

"Wawili. Na mmoja anachechemea."

"Basi njoo na beseni lako."

Sikuingilia. Nilikuwa nimesoma katika kitabu kimoja cha ndege kwamba jamii hii ya ndege huona rangi vizuri kuliko sisi, na kwa akili yangu kifaranga wa zambarau alikuwa tu kifaranga anayeonekana zaidi. Lakini vifaranga walikuwa mali ya mke wangu.

Kisha fundi cherehani akapoteza sungura wa binti yake. Alisema ni mwewe. Nilipofika, binti alinionyesha manyoya yaliyobaki, na alama ya kucha kwenye udongo. Niliipima kwa kiganja changu. Mwewe hana mguu mkubwa namna ile. Siku mbili baadaye nilimwona mwenyewe, ametua juu ya nguzo ya antena niliyoisimamisha mimi mwaka uliopita, bomba la chuma refu kuliko mti wowote wa karibu. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mzito, na miguu yake ilikuwa na manyoya hadi kwenye vidole, kama aliyevaa suruali. Alikuwa tai. Mtaani kila ndege mwenye kucha huitwa mwewe, lakini huyu alikuwa tai, na nguzo yangu ndiyo iliyompa mahali pa kukaa akiutazama ua wangu wote.

Nilifungua ukurasa. Kwa siku kumi na moja niliandika saa anayofika na saa anayoondoka. Hakuwahi kufika kabla ya saa nne. Hakuwahi kubaki baada ya saa saba. Sababu niliijua: ndege mzito hungoja jua lipashe ardhi moto, hewa ipande, ndipo naye apande juu yake bila kuchoka. Nikaweka utaratibu. Kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nane paka anafungiwa ndani, saa nyingine yuko huru. Niliwaeleza wote, na mama nikamweleza mara mbili.

"Umempigia hesabu," alisema.

"Ndiyo, mama. Siku kumi na moja, hajakosea hata moja."

"Na yeye ameambiwa?"

Watoto walicheka. Mimi pia nilicheka.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikakuta paka wa zambarau. Mama alikuwa amelichukua beseni la vifaranga, akaongeza maji kwenye rangi iliyobaki, akamchovya mgeni mwenzake hadi shingoni. Mikono yake ilikuwa zambarau hadi juu ya vifundo. Paka alikaa kwenye kizingiti akijilamba, ulimi nao umeshabadilika rangi.

"Mama, hii ni sumu. Atajilamba afe."

"Vifaranga hawakufa."

"Vifaranga hawajilambi. Halafu yule ndege haogopi rangi. Anaona kuliko sisi. Nimesoma."

"Ng'wana wane," alisema kwa Kisukuma, mwanangu, na akiniita hivyo najua anazungumza na mtoto wa miaka sita. "Mimi sijasoma. Nimefuga kuku miaka hamsini."

Nikatoa hoja niliyodhani ndiyo ya mwisho. "Lakini wewe mwenyewe hutamwona tena. Umesema huyu ndiye unayemwona."

Alijifuta vidole kwenye kitenge.

"Nitamsikia. Bora nisimwone mimi kuliko aonwe na yule."

Nilimsikia vizuri, na hata hivyo nilimchukua paka. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, mara tatu, akinikwaruza mikono, hadi maji yakatoka safi. Nilijiambia namwokoa na sumu, na hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba namrudishia mama kitu anachokiona, na hilo nalo lilikuwa kweli. Jambo ambalo sikujiambia siku ile ni kwamba nilikuwa na daftari, na sikutaka daftari langu lisaidiwe na beseni. Nilimrudisha mapajani pake akiwa amelowa, mweupe tena. Mama alimfunika kwa kanga. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufikia tarehe ya upasuaji.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Ijumaa. Jumamosi asubuhi kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi. Watoto walikimbia na mabakuli, kuku wote walikuwa wazimu, na paka mweupe alikuwa katikati ya uwanja akirukaruka, akiwapiga kumbikumbi kwa mikono yote miwili. Mama alikuwa kwenye kigoda chake barazani, akitabasamu kuelekea lile doa lake. Mimi nilikuwa mezani, pembeni yake, nikiunganisha waya za mota ya karasha.

Kivuli kilipita juu ya uwanja. Nilikiona. Nataka niliandike hili wazi, kwa sababu mke wangu amewahi kuwaambia watu kwamba hakuna aliyeona. Niliona kivuli, kikubwa kuliko cha mwewe, na nikaangalia saa mkononi. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Nikasema moyoni, si saa yake, huyu ni mwewe amefuata kumbikumbi. Nikarudisha macho kwenye waya.

Kumbe na tai hula kumbikumbi. Hilo halikuwamo katika kurasa nilizosoma. Kwa kumbikumbi hakuhitaji kungoja ardhi ipate moto, alikuwa ameshatua mahali fulani karibu tangu kulipopambazuka. Siku kumi na moja nilizoandika zote zilikuwa za kiangazi.

Aliyepiga kelele ni mama. Sikusikia paka akilia, nadhani hakupata nafasi. Nilipoinua kichwa, tai alikuwa ameshalivuka paa la jirani, anapiga mabawa kwa nguvu, chini yake kuna kitu cheupe.

"Ameondoka," mama alisema. Alikuwa amesimama, mikono mbele. "Nilikuwa namwona, ameondoka. Amekwenda upande gani?"

"Machinjioni," nilisema.

"Saa ngapi sasa?"

Mwanangu mkubwa, ambaye hakuelewa swali, alichungulia saa ya ukutani ndani akamwambia.

Hakunilaumu. Ningeona nafuu kama angenilaumu. Alikula mchana, akanywa dawa ya presha, jioni akamwuliza mke wangu mfuko wake uko wapi. Jumapili nilikwenda kwenye mashine ya mpunga. Watoto wa paka walikuwa wamegawiwa wote, amebaki mmoja mweusi. Nilimleta hata hivyo. Mama alimpapasa kichwa, mgongo, mkia, akamwinua karibu na uso wake, akakaa naye hivyo muda mrefu.

"Huyu wapeni watoto," alisema. "Mimi ananipita simwoni."

"Mama, zimebaki wiki mbili tu. Ukitibiwa utawaona wote. Mweusi, mweupe, wajukuu."

"Uliniambia saa nne."

"Nilikosea."

"Najua. Ndiyo maana nataka kwenda mahali ambapo nikikosea, nakosea mwenyewe."

Jumanne nilimpandisha basi, nikampeleka hadi mlangoni kwake. Kadi ya kliniki niliiweka kwenye kopo la sukari, mbele yake, nikamtajia tarehe. Tarehe ilipofika nilikwenda kumchukua kwa pikipiki ya kukodi. Alikuwa amekwenda shambani kwa mwenzake kupanda karanga, na hakuna aliyejua ni shamba lipi. Alijua nakuja. Nilingoja hadi alasiri, nikarudi peke yangu.

Nguzo ya antena nimeishusha. Tai sasa hutua kwenye tangi la maji la fundi cherehani. Vifaranga wa zambarau walikua, kumi na mmoja kati ya kumi na wawili, na yule mmoja alikanyagwa na baiskeli. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Haliwezi kuthibitisha kitu, vifaranga hukaa na mama yao na mama yao ni mkali, tena tai hakuwataka. Najua hoja zote hizo. Lakini paka niliyemwosha alikuwa mmoja tu, na siwezi kumchovya tena ili nione ingekuwaje.

Mwezi uliopita nilipata tarehe mpya, nikaenda Ushetu kumwambia. Nilimkuta uani, ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe, na vifaranga wanane wakimzunguka, wote zambarau.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekuja na jua."

Mikono yake ilikuwa na rangi hadi vifundoni. Kwenye mkono wa kushoto, chini ya zambarau, kulikuwa na kovu jipya la moto. Nilimwuliza. Akasema ni sufuria, halafu akanisimulia habari za mvua.

Nilimpa tarehe ya upasuaji. Nikamwambia daktari ni yuleyule, presha ikiwa sawa ni asubuhi moja tu, nitakuja mwenyewe, tutakwenda na kurudi, siku ya pili nitamrejesha hapahapa kwake kama hataki kukaa kwangu. Alisikiliza yote akitupa chenga za mtama kwa vifaranga, akiwatambua kwa sauti zao.

"Iandike kwenye daftari lako," alisema.

"Nimeshaiandika."

"Haya."

Sikujua kama ni ndiyo. Nilitaka kumwuliza, nikaogopa. Juu ya mwembe wa jirani ndege mmoja alikuwa akizunguka, mbali sana kwangu kuona miguu yake. Mama hakuweza kumwona, lakini kuku mwenye vifaranga alikuwa ametoa ule mlio mfupi wa onyo, na vifaranga wamekwisha kulala chini. Mama akageuza uso kwangu.

"Saa ngapi?"

Nilitazama mkononi. "Saa tatu na robo."

"Basi bado hajafika," alisema.

Niliinuka, nikachukua tenga lililoegemezwa ukutani, nikawafunika vifaranga wote wanane. Kisha nikabaki nimesimama pale uani, nikiangalia juu.