Viangazi Alivyokwenda Ziwani Peke Yake

Mume wangu alizaliwa kando ya Ziwa Rukwa, na katika ndoa yetu yote hakunipeleka. Nikimwuliza, alisema barabara ni mbaya, au hakuna ndugu aliyebaki. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache, na mimi nilikuwa na meza yangu ya vitenge hapa Tunduma. Mwaka uliofuata baada ya kumzika nilifunga meza, nikaenda mwenyewe.

Sikuwa na haraka. Gari lilipopita Mpemba nilikuwa bado nimejitanda shuka kwa baridi. Tulipoteremka bondeni joto lilinivua shuka, kisha sweta. Nililala Mkwajuni, asubuhi nikapanda pikipiki. Tulikatiza mashamba ya ufuta mpaka harufu ya samaki ikatupokea kabla ya kijiji chenyewe.

Kilikuwa kijiji kizuri. Nyumba zilisimama mwinukoni zikitazama maji, na bata walipita njiani kama wenye mji. Mwanamke wa umri wangu alikuwa akigeuza samaki juu ya kichanja cha moshi. Nilimsalimu, nikamtajia mume wangu. Akaacha kazi, akafuta mikono kwenye khanga.

"Basi wewe ndiye wifi," alisema. "Tulikua naye mlango kwa mlango. Msiba tuliusikia umeshapita. Pole sana."

Alinipa chumba cha binti yake aliyeolewa. Hakuniuliza nitakaa hadi lini. Nilimsaidia kupara samaki, nikatembea ufukweni, nikajibu salamu za watu wasionijua. Jioni nilimwuliza nyumba ya kina mume wangu ilikuwa wapi. Alielekeza kidole majini, kwenye miti iliyokufa imesimama.

"Pale. Ziwa lilipanda, tukahama wote. Makaburi ya wazee wake yako huko huko chini."

"Yeye alijua?"

"Angekosaje kujua? Alikuwa akija karibu kila kiangazi. Anakaa ufukweni kutwa, analala, kesho yake anaondoka. Hakukwambia?"

"Aliniambia," nilisema.

Hakuwa ameniambia. Kila kiangazi kulikuwa na siku alizochelewa, na sababu ilikuwa moja, foleni ya malori mpakani. Niliishi kilometa chache tu kutoka kwenye foleni hiyo, na sikuwahi kwenda kuitazama. Usiku huo usingizi ulikataa kuja. Ingekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia hasira yangu. Lakini mtu anamwoneaje wivu ziwa?

Asubuhi nilimwomba wifi anionyeshe alipokuwa akikaa. Ni mchanga tu, karibu na pale wanawake wanapooshea vyombo. Nikakaa. Mitumbwi ilirudi, wavuvi wakamwaga samaki, wachuuzi wakapatana nao bei, wakaondoka. Baadaye palibaki maji, na ndege wakubwa weupe juu ya ile miti. Nilijaribu kuona alichokuwa akikiona. Sikuona kitu.

Mchana wifi aliniletea ugali na samaki aina ya magege, akakaa nami.

"Yeye pia nilikuwa nikimletea hapa," alisema. "Alikula bila kusema neno."

"Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo."

Tulicheka kidogo. Kisha akaniuliza, "Alikuwa mume mwema?"

"Mwema. Ila hili alinificha."

Alitoa mwiba kwenye samaki kabla ya kujibu. "Wifi, wanaume wengine huona aibu. Angekwambia twende ukaone kwetu, halafu akuonyeshe maji?"

Sikubishana naye. Huenda ni kweli. Lakini mimi ningekaa naye nikatazama maji hayo, hata kama hatusemi kitu. Hilo ndilo lililoniuma, wala sikuwa na wa kumwambia isipokuwa huyu wifi aliyekuwa mgeni kwangu. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka ugali ukapoa.

Nilikaa siku kadhaa zaidi, kila asubuhi palepale. Niliondoka siku ya gulio, pikipiki zilipokuwa nyingi. Wifi alinifungia samaki wa moshi, akaniuliza kama nitarudi. Nikamwambia sijui, naye hakunilazimisha.

Nilipofika Tunduma niliwapika samaki wote, kwa mazoea tu ya kupikia watu wawili. Nilikula mmoja. Waliobaki nikampelekea jirani.