Aliyepigwa na Radi Haangaliwi

Wageni hupanda mlima na fimbo mbili mkononi na maji ya kunyonya kwa mrija. Mimi hupanda na woga. Nimepika katika safari za kwenda Choquequirao, mji wa mawe ulioachwa na Wainka, watawala wa kale wa huku kwetu Peru, tangu binti yangu Yesica hajaota meno ya pili, na sijapita mlango wa Yanaqaqa hata mara moja bila kuhesabu mawingu kwanza. Mlango ni pale juu kabisa, njia inapopenya kati ya vilele viwili kabla ya kuanza kuteremka. Hapana mti pale, wala pango, wala jabali la kujibanza. Pana rundo la mawe yaliyowekwa na wapitaji, upepo, na radi.

Radi ilimuua mume wangu, Nazario. Alikuwa anarudisha zizini lama wetu, wale wanyama wa mizigo wenye shingo ndefu na sufu, mimi niko nyuma yake na mzigo wa kuni. Sasa kwetu kuna sheria ambayo hata mtoto wa kubebwa mgongoni anaijua. Mtu akipigwa na radi, haangaliwi. Unageuka, unafunika uso, unaondoka. Radi ya kwanza humuua, ya pili humtawanya, ya tatu humkusanya naye akaamka, na akiamka huwa mganga anayesikilizana na mabwana wa milima. Lakini jicho la mtu likimgusa kabla hajakusanywa, basi, ndiyo imetoka.

Haya, niambieni nyinyi. Mwanamke amwone mumewe anaanguka kama gunia, kisha ageuke? Nilitupa kuni nikakimbia. Alikata roho kichwa chake kiko mapajani mwangu, au alikuwa ameshakufa kabla sijafika. Sijui. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo miaka yote hii.

Mdogo wake Nazario, Evaristo, yeye alijua. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji, kofia mkononi, machozi yanamtiririka. "Kaka yangu angeamka," alisema. "Huyu mwanamke kamuua kwa macho." Wakanyamaza wote, wazee kwa vijana, na kunyamaza kwao ndiko kulikonihukumu. Shamba la mahindi la bondeni likawa la Evaristo. Lama wakawa wa Evaristo. Mimi na Yesica tukaachiwa kipande cha juu ambako hata kiazi huota kwa kusihiwa. Nikapewa na jina, Macho. Watoto wakikutana nami kwenye mfereji walijifunika nyuso kwa viganja, wanacheka.

Na kwa kuwa Mungu hana haraka na watu kama sisi, Evaristo alinunua nyumbu wa mizigo, akawa mkuu wa wote wanaobeba vifaa vya wageni. Ukitaka kupika safarini, ni lazima upite kwake. Nikapita kwake. Mtoto halishwi hasira.

Mwaka huu ninaousimulia mvua ziliwahi. Safari zilikuwa zinafungwa, lakini walikuja wageni watatu wa mwisho na muongozaji wao Edson, kijana wa mjini Cusco, mpole, anayeniita mama. Siku ya tatu ndiyo ya kuvuka Yanaqaqa. Kama kawaida, nyumbu na mpishi hutangulia, wageni wakafuata taratibu, ili wakute chakula kiko tayari upande wa pili. Tulikuwa watatu: Evaristo, mimi, na Toribio, mswaga nyumbu mzee mwenye goti bovu, ambaye hukohoa kabla ya kusema jambo lolote.

Asubuhi ile Toribio alikohoa. "Evaristo, tungoje. Mlima umevaa kofia."

Kweli, wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya kilele, limetulia kama kuku anayeatamia.

"Ukiogopa kofia, kavae sketi," Evaristo akamjibu, huku anakaza kamba tumboni mwa nyumbu.

"Sketi nimevaa mimi," nikasema, "na mimi nasema tungoje."

"Haa! Macho amesema!" Akacheka hadi ufizi ukaonekana. "Shemeji, wewe angalia sufuria zako. Hizo ukiziangalia hazifi."

Toribio naye akacheka kidogo, kwa adabu ya anayetaka kuajiriwa tena. Nikajifunga sufuria mgongoni, nikafuata.

Tulipopita ziwa dogo lililo chini ya mlango, upepo ulikatika ghafla. Hicho ndicho kitu cha kwanza. Cha pili, nyumbu wa mbele, jike jeupe la Evaristo, alisimama akalaza masikio. Kisha nikahisi nywele zangu zinatambaa chini ya kofia kama zina wadudu. Na mgongoni mwangu sufuria zikaanza kulia. Hazikugongana. Zililia zenyewe, sauti nyembamba, kama mzinga wa nyuki ulio mbali.

Sijawahi kuogopa vile. Nilikata kamba kwa kisu, nikazitupa, zikabingirika mteremkoni.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Evaristo alipiga kelele kutoka juu. "Wageni watapikiwa kwenye viganja? Kaokote!"

"Lala chini, shemeji! Mwache nyumbu, lala!"

"Nilale kama mwanamke anayejifungua?" Alikuwa ameshafika kwenye rundo la mawe, anamvuta jike jeupe kwa hatamu.

Sikusikia ngurumo. Niliona weupe tu, halafu mdomo wangu ukawa na ladha ya chuma, na nikajikuta nimekaa. Jike jeupe alikuwa amelala, miguu juu. Evaristo alikuwa ametupwa mbali naye, kifudifudi, moshi mwembamba unatoka kwenye poncho yake, lile blanketi la sufu la kuvaa kichwani mpaka kiunoni.

Toribio hakupoteza muda. Alivua kofia, akajifunika uso, akapiga magoti akiwa ameupa mlima mgongo. "Geuka, Casimira! Kwa jina la Mama wa Mungu, geuka!"

Nikageuka. Ndiyo, niligeuka. Mbio zangu za mara ya kwanza zilikuwa zimenifunza.

Tukakaa hivyo, mimi na mzee, migongo yetu kwa yule mtu. Mvua ya mawe ikaanza, inatupiga vichwani.

"Hiyo ni moja," Toribio akasema ndani ya kofia. "Zimebaki mbili."

Ikanguruma mbali, upande wa mtoni.

"Ya pili hiyo!"

"Toribio, ile imepiga bonde lingine kabisa."

"Radi ni radi. Usibishane nayo."

"Na ya tatu ikipiga Cusco?"

"Nyamaza, mama, nyamaza!" Alikuwa analia.

Nilitega sikio nyuma yangu. Hapakuwa na mkoromo, wala mguu kukwaruza kokoto. Na hapo woga ukanigeukia upande mwingine. Nikigeuka akafa, nitakuwa nimeua wawili, na safari hii hawataishia kwenye shamba. Watanifukuza kijijini, au watanifanyia lile ambalo hufanyiwa watu kama mimi na halisemwi. Yesica atakuwa mtoto wa nani? Nisipogeuka akafa, ni mlima umemchukua, na hakuna atakayenitazama vibaya. Nilikuwa na kila sababu ya kukaa. Mtu aliyekula shamba langu alikuwa anakufa nyuma yangu, na sheria ya wazee wetu ilikuwa inaniambia: kaa hapo hapo, mwanangu, umefanya vyema.

Ningependa kusema huruma ilinishinda. Sitasema uongo. Nilitaka kujua. Kama mtu huyu ataangaliwa na macho haya haya na akapumua, basi sikumuua Nazario. Hilo tu. Na kama hatapumua, basi nilimuua, na nitajua hilo pia mpaka kaburini. Nilitambaa kwa magoti, nikiwa bado nimefumba, mpaka mkono wangu ukagusa sufu iliyoungua. Nikafumbua macho.

"Casimira?" Toribio aliita. "Casimira, uko wapi?"

Kiatu kimoja kilikuwa kimeng'oka mguuni. Nilimgeuza chali. Midomo ilikuwa ya buluu, macho nusu wazi, hayaoni. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa kaka yake. Nusura nikimbie.

Lakini mikono yangu ina kazi zake. Ndama wa lama akizaliwa bila pumzi, hatumsomei dua kwanza. Unamsafisha mdomo kwa kidole, unampulizia, unamsukuma mbavu, unampulizia tena. Niliufungua mdomo ule ule uliosimama mkutanoni ukanisema, nikatoa bonge la koka, majani yetu ya kutafuna milimani, nikapuliza. Kifua kiliinuka, kikashuka, kikabaki kimya. Nikasukuma kwa viganja viwili, nikapuliza. Kimya. "Pumua, mwizi," nikamwambia. "Pumua, mbwa wewe, usinifanyie hivi." Nikasukuma mpaka kitu kikalia mbavuni mwake. Nilipuliza kwa pupa hata meno yangu yakagonga meno yake. Nilianza kuwaza maneno ya kumwambia Yesica.

Akakohoa.

Akavuta pumzi kwa kelele, kama mlango wenye kutu, akatapika ubavuni, akavuta nyingine.

"Ameamka?" Toribio alipaza sauti. "Ameamka mwenyewe?"

"Vua hiyo kofia uje uone."

"Siwezi, mama. Sithubutu."

Evaristo alizungusha macho mpaka yakakutana na yangu. Nilidhani ataita jina la mama yake. Alisema, kwa sauti ya mchanga: "Uliangalia?"

"Niliangalia."

Akavuta pindo la poncho akajifunika uso.

Edson na wageni walitukuta hapo, tumelowa. Toribio alimpakia Evaristo kwenye mmoja wa nyumbu waliosalia, akamrudisha kijijini. Mimi niliokota sufuria zangu, nikaendelea, maana wageni walikuwa wamekuja kuona mawe na ni lazima wale. Siku mbili baadaye tulifika Choquequirao. Jua lilikuwa kali, wageni wakapanda na kushuka kwenye matuta ya kale, wanapigana picha kando ya lama waliojengwa ukutani kwa mawe meupe. Mimi nilikaa chini ya ukuta, namenya viazi, na kila wingu lililopita lilinifanya nijikate kidole.

Edson alikuja kukaa karibu. "Mama Casimira, kule juu, nani alimfanya apumue?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nimeuliza tu, mama."

Nilitaka kumwambia. Nikaogopa. Nilijiambia nitayasema nyumbani, mbele ya watu, ili shamba lirudi kwa njia iliyonyooka. Yeye akarudi zake Cusco na wageni wake, na mvua zikafunga njia.

Nyumbani nilikuta watu wamepanga mstari mlangoni kwa Evaristo. Mlemavu wa mkono, mwenye mbuzi aliyepotea, msichana asiyepata mimba. Alikuwa amekaa kwenye ngozi ya kondoo, anawatupia majani ya koka na kuyasoma kama ramli. Radi imemkusanya, walisema. Ameamka mganga.

Mkutano ulipofika nilisimama. "Nilimwangalia," nikasema. "Nilimpulizia kwa mdomo wangu. Yuko hai, huyo hapo, amenenepa. Basi nani alimuua Nazario?"

Evaristo alinitazama kwa upole, upole wa mtu aliyeshiba. "Shemeji aliogopa sana siku ile, tumsamehe. Hakuna jicho lililoniona. Niliamka mwenyewe. Toribio alikuwepo."

Wote wakamgeukia Toribio. Akakohoa. "Mimi nilikuwa nimefunika uso," akasema, na hilo lilikuwa kweli tupu. Mwenyekiti akasema sasa tuje kwenye suala la kusafisha mfereji.

Shamba halijarudi. Mwenye kulila ndiye anayelibariki sasa, na watu hubusu mkono wake.

Ila kuna kitu. Safari zilipofunguliwa, asubuhi ya kwanza ya kupanda, Toribio alijisogeza karibu nami wakati nafunga sufuria. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakohoa.

"Mama Casimira. Kule juu ikinipiga mimi, uniangalie."

"Mkutanoni ulikuwa na kofia usoni."

"Mkutanoni nina watoto na wajukuu, mama. Kule juu nina roho moja."

Baada yake alikuja mwingine, kisha mwingine, kila mmoja peke yake, kwa kunong'ona kama mtu anayetongoza. Mbele za watu bado wananiita Macho. Wanadhani nina dawa. Sina. Ndama wengine huamka, wengine hawaamki, hata upulize mpaka jua lizame. Siku moja mmoja wao ataanguka pale kwenye rundo la mawe, nitatambaa mpaka kwake, nitapuliza, na hataamka. Siku hiyo hao hao walioninong'oneza watakumbuka kwa sauti kubwa kwamba aliyepigwa na radi haangaliwi.

Asubuhi ile Toribio alikuwa bado amesimama, anangoja jibu. Nilimwambia akaze kamba ya nyumbu, tuondoke kabla wingu halijashuka.