Barafu Ndani ya Gari la Honoré

Zubeda alikuwa na dharau, na hakuificha. Aliwadharau mafundi wenzake wa mtaa wa Buyenzi, ambao kiyoyozi cha gari kikisumbua dawa yao ni moja tu, kuongeza gazi, ile gesi ya kupoza. Zaidi aliwadharau wenye magari waliompita yeye, spana mkononi, wakaenda kumsalimia mumewe Atumani. Gereji ilijulikana kwa jina la Atumani, lakini viyoyozi alivitengeneza Zubeda, mwaka wa kumi na moja huo. Alikuwa amechoka.

Siku hiyo akaja Honoré wa Kiriri, mtaa wa matajiri, kiyoyozi kimewashwa na vioo vimefungwa kabisa. Katika mji ambao petroli inatafutwa kwa tochi, alitaka kila mtu ajue kwamba yeye anayo ya kuchezea. Akampita Zubeda kama nguzo ya umeme.

"Atumani, hii klima inaanza muzuri, baridi sana. Nusu saa, upepo unakufa. Nikiizima kidogo, unarudi. Gereji mbili ziliweka gazi, bure. Mwenye aliharibu hatagusa gari yangu tena! Na mukiitengeneza, gari tano za biro yangu, za kazini, zitakuja hapa."

Atumani akajikuna shingo. "Mama Raihana ataangalia," akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Zubeda hakugusa gazi. Aliwasha kiyoyozi, akangoja, akasikiliza. Kompresa haikupumzika hata mara moja. Upepo ulipokata, akafungua chini ya dashibodi na kumulika kwa simu. Radieta ndogo ya ndani ilikuwa imeganda, nyeupe pe. Upepo ungepita wapi? Kisha akaiona sonde, kile kijiti kinachopima baridi na kuizima kompresa kabla barafu haijashika. Mtu alikuwa ameichomoa na kuifunga kwa plasta kwenye bomba la maji ya moto. Kwa sonde, siku zote kulikuwa na joto, na kompresa ikafanya kazi kama punda.

"Mujinga gani alifanya hii?" akapaza sauti mtaa usikie. "Wallahi, huyu mutu asipewe hata toroli!"

Honoré akacheka. Atumani alikuwa anatazama kandambili zake.

Zubeda hakuhitaji kuambiwa. Mwezi wa nne alikwenda msibani Uvira, na gari hili lilishinda hapa na Atumani peke yake, Honoré akidai baridi zaidi. Angeweza kumsingizia Huseni, fundi wa ng'ambo ya barabara, na wote wangeamini. Magari matano yangeingia, kwa jina la Atumani. Hapo akajidharau na yeye mwenyewe, kwa miaka yote aliyonyamaza.

"Patroni, ni mume wangu. Mulitaka baridi ya Ulaya, akaogopa kuwaambia apana. Wote wawili mulikosa akili. Sonde nitairudisha pahali pake, gari ibaki mpaka barafu iyeyuke. Na zile tano mukizileta, munaniletea mi, si yeye."

Honoré akakunja uso. Akatoa funguo, akazipitisha juu ya bega la Zubeda kumpa Atumani. Yule yule aliyeapa kwamba mharibifu hatagusa gari lake tena! Kumbe kuwa na ndevu kulitosha mtu asamehewe.

Atumani akaweka mikono nyuma. "Mupatie yeye," akasema kwa sauti ndogo.

Zubeda hakunyoosha mkono kuzidaka. Alisimama palepale akingoja, mpaka Honoré akalazimika kumgeukia na kumtazama usoni.